Matanga ya Pampu

Raymundi Shilinde hakupenda kuitwa dereva wa lori. Wakati wa vita alikuwa ameendesha magari ya jeshi mpaka Uhabeshi, na baada ya vita akabeba pamba za Shinyanga misimu mitano, lakini gari aliloshika mwaka ule wa hamsini na mbili halikuwa lori tena. Watu wa Singida waliliita Nyumba ya Ebrahim. Chini lilikuwa ni lori la jeshi lililonunuliwa mnadani. Juu, Kalasinga mmoja seremala alikuwa amejenga chumba cha mbao za mninga, chenye madirisha mawili ya pazia, kitanda cha kukunjwa ukutani, tangi la maji, na jiko la mafuta ya taa lililofungwa mnyororo lisiruke njiani. Nyuma palikuwa na ngazi ya vidato vitatu vipana. Vidato hivyo vilipimwa kwa miguu ya Bachubai, mke wa Bwana Ebrahim, ambayo ilikuwa imevimba miaka mingi.

Bachubai alizaliwa Ujiji. Aliolewa Singida akiwa na miaka kumi na sita na hakurudi kwao tena. Dada yake mkubwa, Nurjahan, alikuwa bado hai huko, na kila barua iliyokuja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Garimoshi lingewafikisha kwa siku mbili, lakini Bachubai alitaka kuiona njia yenyewe. Babu yake aliikanyaga kwa miguu toka Bagamoyo, na utotoni alikuwa akisikia majina ya vituo vya misafara yakitajwa nyumbani kama watu wengine wanavyotaja majina ya jamaa zao. Basi Bwana Ebrahim akawaachia wanawe duka, akajengesha nyumba ya magurudumu, akamtafuta dereva.

Raymundi aliikubali kazi ile kwa sababu yake mwenyewe. Hospitali ya Kitete, Tabora, ilikuwa inataka dereva wa gari la wagonjwa. Karani wa pale alikuwa amemwambia wazi kwamba nafasi ni yake akileta barua ya tajiri wake wa mwisho, inayosema kwamba ni mwaminifu. Kazi ya Serikali, nyumba ya Serikali. Mkewe Josepha na watoto wangetoka Ndala wakae naye mahali pamoja. Kwa miaka kumi na mbili alikuwa mume wa likizo. Kwa hiyo safari ya Ujiji kwake haikuwa matembezi. Ilikuwa ni kwenda kuichukua barua.

Tatizo lilikuwa kwamba Bwana Ebrahim aliwaogopa mafundi wa magari kuliko simba. Rafiki yake Nanji aliwahi kwenda Arusha na injini moja akarudi na nyingine, na hakujua mpaka siku ya kuliuza gari, namba za injini zilipokataa kulingana na karatasi. Tangu hapo Bwana Ebrahim alikuwa akiwauliza wafanyabiashara wenzake, na yote aliyoambiwa aliyaandika kwa Kigujarati. Boneti lisifunguliwe bila yeye kuwapo, amekaa kwenye kigoda chake. Kifaa cha zamani kikitolewa, kiwekwe mkononi mwake, hata kama kimevunjika vipande. Fundi atafutwe kwa kuuliza watu watatu wasio madereva. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Raymundi. Bwana Ebrahim hakulificha: alisema madereva na mafundi wanakula sahani moja, fundi anaharibu, dereva anapata chai yake, na mwenye gari analipa mara mbili.

Raymundi alimjibu kwamba yeye hajawahi kunywa chai ya fundi. Bwana Ebrahim akasema vizuri, basi kanuni hii haitakuumiza.

Mpaka Igunga hapakuwa na neno. Mpaka Nzega pia. Bachubai alikaa dirishani na kuuliza jina la kila kijiji, na jioni alimpelekea Raymundi chapati na mchuzi kwenye sahani ya bati, akimwita mwanangu. Lakini walipotoka Nzega kuelekea kusini, pampu ya maji ilianza kuvuja. Bushi yake, ile pete inayoshika mhimili, ilikuwa imekwisha. Hilo lilikuwa jambo la uzee tu, hakuna wa kulaumiwa. Raymundi akawa anasimama kila baada ya maili chache kuongeza maji, na hivyo ndivyo walivyoingia Tabora, gari likitoa mvuke kama birika.

Bwana Ebrahim akaenda msikitini, akauliza watu watatu wasio madereva. Wote watatu wakamtaja fundi mmoja wa karibu na soko, mtu mzee na mwaminifu. Wakaenda. Fundi yule alikuwa na magari ya Serikali manne uani, akasema warudi baada ya siku tano. Bwana Ebrahim akamtazama mkewe, ambaye miguu ilikuwa imejaa kwa joto, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui la kufanya.

Hapo ndipo Raymundi alipofungua kinywa. Akasema yeye anamjua fundi nyuma ya stesheni. Jina lake Mwinshehe, Mzaramo, walikuwa pamoja jeshini. Mkono wake ni mwepesi. Na zaidi ya hayo, ni mtani wake.

Bwana Ebrahim akauliza mtani ni nani hasa. Raymundi akamweleza kama alivyoweza. Tangu enzi za misafara Wanyamwezi, watu wa kabila lake, waliposhuka pwani na mizigo, wao na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usikasirike. Anaweza kuchukua kofia yako akaivaa na kwenda nayo. Ukifiwa, anakuja kuvuruga kilio mpaka wafiwa wacheke, na asipopewa chochote haondoki. Lakini mtani hawezi kukudhuru kwa kweli. Anayemdhuru mtani wake kwa kweli amejitafutia balaa, na kila Mzaramo na kila Mnyamwezi anajua hivyo.

“Unamdhamini?” Bwana Ebrahim aliuliza.

“Namdhamini kwa jina langu,” alisema Raymundi.

Mwinshehe alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alipoliona gari linaingia uani kwake alisimama katikati ya njia, akawatangazia wote waliokuwapo kwamba Wanyamwezi wamechoka kubeba mizigo kichwani, sasa wanabeba nyumba za watu. Raymundi akamwambia asogee, kwani Mzaramo akishapata nazi moja hupumzika juma zima, na yeye hana juma zima la kungoja. Mwinshehe akamvua kofia, akaivaa mwenyewe. Wakacheka, wakashikana mikono, na moyo wa Raymundi ukatulia kabisa, kama mtu aliyefika kwa shemeji yake.

Jamaa wa Bwana Ebrahim mjini walikuwa wamepika. Bachubai alihitaji kulala chali na kuinua miguu. Raymundi akawaambia waende tu. Bwana Ebrahim alikwenda, lakini alikuwa akigeuka nyuma kila hatua. Kigoda chake kilibaki ndani ya gari. Raymundi mwenyewe alikaa saa moja, akaiona bushi mpya ikiingia, kazi safi. Kisha akakumbuka kwamba dada yake Apolinaria anaishi mtaa wa Ng'ambo na hajamwona mwaka mzima. Akamwachia mtani wake gari na kofia, akaenda kula ugali kwa dada yake mpaka alasiri.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne, kabla ya kuondoka, alilikagua gari. Pampu ya maji haikuvuja hata tone. Pampu ya petroli ilikuwa ubavuni mwa injini kama siku zote, ndogo kama ngumi, na kikombe chake cha kioo kimefungwa kwa uzi wa shaba alioupinda Raymundi mwenyewe baada ya kishikizo chake kupotea. Alipouona uzi ule hakutazama zaidi. Akafunga boneti, na Nyumba ya Ebrahim ikashika barabara ya magharibi.

Walikwenda vizuri maili ishirini na tano au zaidi. Kisha injini ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena, na katikati ya miyombo, mahali pasipo na nyumba wala kisima, ikafa. Raymundi alijua sauti ile: injini ina njaa ya petroli. Akatoa pampu, akaifungua juu ya kitambaa. Kiwambo cha ndani, kile kinachosukuma petroli, kilikuwa kikavu kama ganda la karanga, kimepasuka na kuzibwa kwa gundi. Majuma mawili kabla, kule Singida, Raymundi alikuwa ametia kiwambo kipya kwa mikono yake.

Hii haikuwa pampu yake. Uzi wa shaba ulikuwa wake. Mtu alikuwa ameufungua uzi taratibu, akatoa pampu nzima, akaweka nyingine iliyokufa, kisha akaufunga uzi uleule kwa mapindo yaleyale.

Bwana Ebrahim alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akitazama yote. Raymundi akamweleza alichokiona. Hakuficha kitu. Kisha akachomoa mpira wa tangi la maji, akafunga debe la petroli juu ya paa la dereva, akaushusha mpira mpaka kwenye kabureta ili petroli iteremke yenyewe, na wakaenda hivyo, mwendo wa mtu atembeaye, mpaka stesheni ya Usoke. Bachubai alilala ndani akiomba Mungu debe lisipinduke.

Walipofika, Bwana Ebrahim alimwita pembeni.

“Mimi sikumchagua fundi yule,” alisema. “Wewe ndiye uliyemtaja. Na alipokuwa akifungua gari langu, wewe hukuwapo. Niambie mwenyewe, Raymundi: mtu mwingine angefikiri nini?”

Raymundi alijua angefikiri nini.

Bwana Ebrahim akasema hatakwenda polisi. Garimoshi la Kigoma litapita Alhamisi saa nne asubuhi. Yeye na mkewe watapanda, hata ikibidi mkewe abebwe. Gari litabaki hapo mpaka mwanawe atume mtu. Barua hatamwandikia, nzuri wala mbaya, kwa maana hawezi kuandika neno asilolijua. Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ulimuuma Raymundi kuliko matusi. Akaomba kitu kimoja tu: apewe mpaka Alhamisi. Bwana Ebrahim akasema Alhamisi itakuja, awepo asiwepo.

Jumatano alfajiri Raymundi alipanda juu ya magunia ya lori la tumbaku kurudi Tabora, pampu mbovu imo ndani ya mfuko wake. Njiani alifikiri kama alivyofundishwa katika shule ya jioni kufanya hesabu, kufuta kwanza yasiyowezekana. Polisi: atawaambia nini? Gari aliliacha mwenyewe, shahidi hana, na pampu zote za aina ile zinafanana. Ngumi: mtu anayempiga mtani wake anachekwa na pande zote mbili, na Mwinshehe atakuwa na jicho lililovimba la kuonyesha, yeye hana kitu. Kumsihi kwa siri: Mwinshehe angecheka, angemtolea pampu chini ya meza na kusema ulikuwa utani tu. Na hilo ndilo lingekuwa baya kuliko yote, kwa sababu Bwana Ebrahim angesikia kwamba dereva na fundi walitaniana kwa mali yake. Nani angeamini baada ya hapo kwamba hawali sahani moja?

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Alikuwa ameupeleka utani mahali ambapo si pake. Utani ni wa kofia yako, wa kilio chako, wa mwili wako. Gari lilikuwa la mtu mwingine.

Lakini kama utani ulimtia shimoni, alifikiri, bado una kamba.

Mjini alipita dukani akanunua kipande cha bafta nyeupe. Akaenda kwa dada yake akaazima mkeka. Saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya lango la gereji ya Mwinshehe. Akatandika mkeka, akaivika ile pampu sanda, akaifunga vizuri kichwani na miguuni, akailaza katikati. Kisha akavua viatu, akakaa, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia.

Alilia kwa kanuni. Alimtaja marehemu, akataja safari alizokwenda, mito aliyovuka, jinsi alivyokuwa hachagui petroli. Akasema ameondoka Singida mzima, ana kiwambo kipya kifuani, akalala siku moja tu Tabora kwa mtani wake, na toka hapo hakuamka.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Bi Mwanne, mama mtu mzima aliyeuza vitumbua pale tangu reli ilipokuwa mpya. Alisikiliza kidogo, akapangusa mikono, akavuka. Raymundi akamwamkia shikamoo katikati ya kilio. Akaitika marahaba, akakaa mkekani, akauliza maiti ni wa nani.

“Ni wangu, bibi,” alisema Raymundi. “Ameuawa na watani.”

“Basi nitalia nawe,” alisema Bi Mwanne, “maana vitumbua vyangu leo havina wateja.” Na alikuwa na sauti nzuri ya kulia kuliko yeye.

Watu wakaanza kusimama. Wafanyakazi wa reli, wapagazi wa stesheni, mpishi mmoja wa Mzungu akiwa na kuku mkononi. Kila aliyeuliza alielezwa toka mwanzo, na wenye kujua utani wakawaeleza wasiojua. Mwinshehe alipotoka, kofia ya Raymundi bado iko kichwani mwake, alicheka kwa sauti yake nyembamba.

“Kumbe Mnyamwezi akikosa mzigo wa kubeba hulia,” alisema. “Ondoka mlangoni kwangu, nina kazi.”

“Mfiwa hafukuzwi,” alisema Bi Mwanne. “Wewe Mzaramo gani usiyejua matanga?”

Mwinshehe akajua amekamatwa na kanuni zake mwenyewe. Hakuweza kukasirika, kwa maana mtani akikasirika ameshindwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatupa mkekani sarafu za ubani, kama zinavyotolewa kwa watani ili waache vurugu waende zao. Raymundi akazikusanya moja moja, akamrudishia mkononi. Akasema halii kwa ajili ya ubani. Aliyelazwa mkekani ni pacha tu; yule aliyetoka Singida yu hai, naye amefungiwa humo ndani; akitolewa, kilio kitakwisha.

Kundi likacheka. Lakini kulikuwa na mmoja ambaye hakucheka. Huyo alikuwa Anselm, dereva wa gari la misheni, ambaye Jumatatu alikuwa ameliacha hapo gari lake kutengenezwa breki. Alisikiliza mpaka mwisho, akapita katikati ya watu, akaingia uani, akafungua boneti la gari lake mwenyewe. Alikaa ameinama muda mrefu. Aliponyoosha mgongo, alimwita Mwinshehe kwa jina, akamwambia amletee dainamo yake, ile iliyokuwa na rangi nyekundu. Madereva wengine wawili wakaenda nao kufungua maboneti yao.

Kuanzia hapo mchezo ulibadilika, ingawa Raymundi hakubadilisha sauti. Aliendelea kulia vilevile mpaka jua likapita utosi, mpaka likaanza kushuka. Magari mawili yalisukumwa kwa mikono kutoka uani. Lori lililokuja toka Sikonge likitaka kutengenezwa springi lilisimama, dereva wake akauliza kuna nini, akaambiwa, akaondoka.

Mwinshehe alikuja mwisho akachuchumaa ukingoni mwa mkeka. Mkononi alikuwa na kitu ndani ya gunia dogo. Akasema, kwa sauti ya chini lakini bado akitabasamu, kwamba alikuwa anamjaribu tu, aone kama Mnyamwezi anaujua mzigo wake. Ulikuwa utani. Achukue pampu yake, waitane ndugu.

Raymundi alikitazama kile kifurushi. Kilikuwa karibu, angeweza kukigusa. Hakukigusa.

Bi Mwanne ndiye aliyesema kwanza. “Utani hufanywa usoni kwa mtu, mwanangu, ili naye acheke,” alimwambia Mwinshehe. “Gari lilipokufa porini, na mama mgonjwa yumo ndani, nani alikuwa anacheka?”

Mwinshehe akalivuta gunia nyuma.

“Mimi ningekusamehe hapa hapa,” alisema Raymundi. “Lakini gari si langu. Mwenye gari yuko Usoke, na anadhani nimekuuzia pampu yake. Maiti husindikizwa kwao. Njoo kesho, uifunge kwa mikono yako mwenyewe, umwambie mtu mmoja ulichokifanya. Hutaki, mimi nakaa hapa, na watu wote watakuwa wakiambiana.”

Mwinshehe akaondoka na gunia lake. Raymundi alilala palepale mkekani, kama wafiwa walalavyo. Dada yake Apolinaria alimletea blanketi na kumwambia kwamba mji mzima unazungumza habari zake, na kwamba hajui kama aone fahari au aone haya. Raymundi akasema hata yeye hajui.

Kulipopambazuka, Anselm alileta gari la misheni, dainamo yake imekwisha kurudishwa. Alikuwa na mabati ya kupeleka upande wa Urambo na angepita Usoke. Raymundi alikunja mkeka, akapanda, akawaza kwamba ameshindwa. Anselm akatia moto. Hapo akatokea Mwinshehe, amevaa kanzu safi, gunia dogo kwapani na spana mkononi. Alipanda nyuma juu ya mabati, akakaa huko peke yake njia nzima, na kila gari liliporuka, mabati yalimpigia kelele.

Walifika saa tatu na nusu. Masanduku ya Bwana Ebrahim yalikuwa tayari jukwaani. Bachubai alikuwa amekalishwa juu ya mojawapo, miguu yake imefungwa vitambaa vya maji, na wapagazi wanne walikuwa wakijadiliana jinsi ya kumwinua. Bwana Ebrahim aliwaona wale wawili wakija. Alikwenda kwenye gari, akatoa kigoda chake, akakiweka mbele ya injini, akakaa.

Mwinshehe alifunga pampu. Alifanya kazi nusu saa kasoro, na Bwana Ebrahim alizitazama zile spana kana kwamba anasoma. Alipomaliza, Raymundi akapiga stata, injini ikaitikia mara moja, ikanguruma sawasawa. Mwinshehe akafuta mikono kwa kanzu yake, akaiharibu, akajaribu kuanza kwa mzaha kuhusu Wanyamwezi na mizigo yao. Bwana Ebrahim hakutabasamu. Mzaha ukamfia mdomoni.

“Bwana,” alisema Mwinshehe, “pampu niliitoa mimi. Yako ilikuwa nzuri, na nilikuwa na mteja wake. Dereva wako hakujua. Kosa lake ni kwamba aliniamini.”

“Hilo nalo ni kosa,” alisema Bwana Ebrahim.

“Ni kosa,” alisema Raymundi. “Niliacha gari lako nikaenda kula kwa dada yangu. Sikuliuza, lakini niliacha.”

Garimoshi likasikika mbali, likipiga filimbi. Wapagazi wakamshika Bachubai mikono. Akawaambia wamwache. Alikuwa amesikia habari yote toka kwa Anselm, sanda, ubani na vitumbua, wakati wanaume wakiinamia injini, na alikuwa amecheka mpaka machozi yakamtoka. Utotoni kwake Ujiji aliwahi kuona watani wakikatalia ndani ya kaburi mpaka walipwe. Akasema kwa Kiswahili, ili wote waelewe, kwamba yeye alikuja kuona njia, na kutoka dirisha la garimoshi mtu haoni kitu. Bwana Ebrahim akamtazama mkewe, akatazama injini, akawaambia wapagazi warudishe masanduku.

Mwinshehe alivua kofia ile, akaiweka juu ya boneti, akapanda garimoshi lililokuwa likishuka toka Kigoma mchana ule kurudi Tabora. Hawakuagana kwa mkono.

Safari iliyobaki ilikuwa ya vumbi na mashimo, na haikuwa na kisa. Walipofika Ujiji, Nurjahan alikuwa amekaa barazani akingoja, na Bachubai aliteremka vile vidato vitatu bila kushikwa na mtu. Juma lile Bwana Ebrahim aliiandika barua. Alimpa Raymundi aisome kabla ya kuitia sahihi, na Raymundi aliisoma pole pole, akisimama kila mstari. Ilisema kwamba mwenye barua hii ni dereva hodari na mwaminifu. Kisha ilisema kwamba mara moja aliliacha gari kwa fundi bila ulinzi, kifaa kikaibwa, na kwamba alikirudisha mwenyewe kwa siku mbili, pamoja na mwizi wake.

Raymundi aliomba ule mstari wa katikati uondolewe. Alieleza habari za Kitete, nyumba ya Serikali, Josepha na watoto. Bwana Ebrahim alisikiliza yote. Akasema kwamba barua zenye sifa tupu amesoma nyingi, na hakumwajiri hata mmoja wa walioleta barua hizo. Akatia sahihi.

Raymundi aliichukia barua ile njia nzima ya kurudi. Alifikiri hata kuichana na kutafuta mtu wa kumwandikia nyingine. Lakini siku aliyoingia ofisini Kitete aliiweka mezani kama ilivyo. Karani akaisoma, akarudia kuisoma, akaita mwenzake wa chumba cha pili naye akaisoma. Kisha akainua macho.

“Huyu mwizi,” alisema, “ulimleta vipi?”

Raymundi akavuta kiti, akakaa, akaanza kumwelezea.